Siku Mheshimiwa Alipookota Uwanja

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba sina kinyongo na mtu. Nilichana tiketi kwenye lango la Uwanja wa Mbugike kwa miaka kumi na tisa, nikaachishwa kazi kwa barua ya mistari miwili iliyokuwa na jina la mtu mwingine, na moyo wangu ni mweupe kabisa. Nayaeleza haya kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine, zile ambazo mambo kama haya hayatokei, ili wajue wenzao tunavyoishi kwa raha.

Nchi yetu ina Wizara ya Vitu Vilivyookotwa. Zamani lilikuwa dawati moja tu kwenye kituo cha polisi, lenye miavuli na seti mbili za meno ya bandia. Baadaye Serikali ikatambua kwamba kuna utajiri mwingi umezagaa nchini bila mtu kuuokota. Ikaunda wizara, ikaipa jengo la ghorofa sita, ambalo nalo liliokotwa, na ikaitungia Sheria ya Kuokota.

Sheria yenyewe ni fupi na haina ubaguzi. Mtu yeyote akikuta kitu, atauliza kwa sauti mara tatu, "Hiki ni cha nani?" Mwenyewe atajibu akiwa amesimama ndani ya mali yake, si nje yake, si kando yake, wala si juu ya ukuta wake. Asipopatikana wa kujibu, kitu kimeokotwa na aliyeuliza. Sharti ni moja tu, awepo Afisa wa Mhuri kushuhudia. Na kwa kuwa Afisa wa Mhuri ni mmoja nchi nzima, na hupanda gari la Waziri, basi mpaka wakati ninaousimulia hakuna raia aliyewahi kuokota hata ndoo.

Waziri wetu ni Mheshimiwa Lwendo. Ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuitia mikutano, na ana kipaji. Wengine huzaliwa na kipaji cha kuimba. Yeye akipita mahali, vitu vinakuwa vimeokotwa.

*

Mji wetu wa Mbugike una timu mbili za mpira. Mtaa wa juu ni Nyuki, mtaa wa chini ni Tingatinga. Zinachukiana kwa dhati. Marehemu shangazi yangu, Nyuki wa kufa na kuzikana, alikata roho akiwa ameugeukia ukuta kwa sababu daktari aliyemtibu alikuwa Tingatinga.

Lakini uwanja waliujenga pamoja, maana hakuna raha ya kumfunga mtu ambaye hayupo. Hawakuomba fedha popote. Kila mwanachama alileta tofali moja, na kabla halijakauka alichora jina lake kwa msumari. Matofali yalikuwa elfu kumi na mbili na mia nne. Ujenzi ulichukua miaka tisa, na ukisimama mbele ya ukuta ule uliweza kuwasoma watu wa mji mzima, waliokuwepo na waliokwisha kwenda, Nyuki na Tingatinga wakiwa wamebanana bega kwa bega, jambo ambalo wenyewe wasingelikubali wakiwa hai.

Fundi mwashi alikuwa Hamduni, rafiki yangu. Timu zote mbili zilimwamini kwa sababu alizitukana zote kwa kiwango kilekile. Tofali lake mwenyewe alilijenga mwaka wa mwisho, juu upande wa magharibi, mahali ambapo jina halisomeki ukiwa chini. Mimi ndiye niliyempandishia. Siku ya pili yake mti wa jukwaa alilosimamia ulivunjika, akaanguka. Hakufika hospitali.

Timu zikamkabidhi mjane wake, Bi Sihaba, funguo za uwanja. Hakuwa na mtoto wala hakuwa na picha ya mumewe hata moja. Alikuwa na jina kwenye tofali. Kila Ijumaa alipanda ngazi, akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akashuka. Tofali lenyewe ni lipi, tulijua watu wawili tu, yeye na mimi. Wengine hawakuuliza na sisi hatukusema.

Sasa, kuna jambo lazima nilieleze hapa, vinginevyo hamtanielewa mbele. Katika miaka yote ya uwanja ule, hakuna timu iliyowahi kuingia kupitia langoni. Kila klabu kwetu ina Kamati ya Ufundi. Jina lisiwadanganye, wajumbe wake hawagusi mpira. Ni wazee wanaoshughulikia kilichofukiwa wapi, na nani, na kwa nia gani. Kamati ya Nyuki iliamini Tingatinga wamefukia kitu chini ya lango. Kamati ya Tingatinga iliamini Nyuki ndio waliofukia. Kwa hiyo Nyuki waliruka ukuta wa kaskazini, Tingatinga walipenya tundu la nyuma ya vyoo, na langoni tulipita sisi watazamaji pamoja na mbuzi.

*

Uwanja uliokotwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Msafara wa Mheshimiwa Lwendo ulikuwa ukipita kwenda kuokota bwawa wilaya ya jirani. Mheshimiwa akabanwa na haja. Akashuka, akaingia nyuma ya ukuta wetu, akajisaidia, na alipoinua macho akaona majukwaa.

"Hee!" akasema. "Kalumuna, njoo uone. Kuna uwanja hapa."

Kalumuna ndiye Afisa wa Mhuri, mtu mwembamba aliyenyooka, anayetii maandishi yoyote atakayoyakuta yamebandikwa popote. Akaja na mkoba wake. Mheshimiwa akafunga zipu, akajiweka sawa, akauliza kwa sauti ya mikutano, "Huu ni wa nani?"

Bi Sihaba alikuwa mashineni anasaga mahindi. Lakini uwanja haukuwa mtupu. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha tiketi, ndani kabisa ya mali, hatua ishirini kutoka aliposimama. Nilisikia. Nililiona na gari lenye bendera. Sisi wa rika langu tumelelewa tusijibu magari yenye bendera.

"Huu ni wa nani?"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi.

"Huu ni wa nani?"

Nikanyamaza. Nikasikia mhuri unagongwa, na nikaendelea kunyamaza hata walipoondoka. Bi Sihaba aliporudi na unga wake kichwani alikuta kibao kimeshapigwa misumari langoni: MALI ILIYOOKOTWA. USIIGUSE BILA SHUKRANI. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa nimepitiwa na usingizi.

*

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja kutuhutubia.

"Ndugu zangu wa Mbugike!" alisema. "Uwanja huu ulikuwa yatima! Umesimama hapa miaka na miaka, hauna baba, hauna mama, na watu wanaukalia tu bila hata kuuliza! Ni Serikali yenu sikivu iliyoona machozi yake. Leo hii una baba. Na baba ni mimi!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu pembeni walisimama watu wenye kazi ya kuangalia nani hapigi makofi.

Ukaanzishwa Mfuko wa Shukrani. Nyuki na Tingatinga wakatakiwa wauchangie kila mwezi, kama pongezi kwa kuokotewa uwanja wao. Atakayeuliza fedha zinakwenda wapi, atachangia mara mbili, maana swali ni dalili ya shukrani pungufu. Nchi rafiki ikaleta msaada wa nyasi za kisasa, meli nzima. Zikapelekwa kwanza nyumbani kwa Mheshimiwa zikazoee hali ya hewa. Bado zinaizoea.

Kisha ukaja ukarabati. Tundu la nyuma ya vyoo likazibwa kwa zege. Kuta zikaongezwa kimo na juu yake vikasimikwa vipande vya chupa, ili kukomesha uingiaji holela. Nyuki wakabaki nje. Tingatinga wakabaki nje. Langoni hawakanyagi. Miezi kumi na moja haikuchezwa mechi hata moja, na Wizara ikatoa taarifa kwamba tangu uwanja uokotwe haijatokea fujo uwanjani.

Mimi nikapata ile barua ya mistari miwili. Pasipo na mchezo, hapahitajiki mchanaji wa tiketi. Niliona mantiki yake. Sikulalamika. Niliikunja barua nikaitia mfukoni na ninayo mpaka leo, si kwa ubaya.

Mwezi huo wa kumi na moja likatoka agizo la mwisho. Ukuta wote upigwe lipu na kupakwa rangi ya krimu, kwa kuwa majina yaliyoandikwa kwenye matofali yanauchanganya umma kuhusu mwenye uwanja ni nani.

*

Bi Sihaba alivaa khanga yake ya sikukuu akaenda makao makuu ya Wizara. Nilimsindikiza. Alipokelewa na Bwana Kalumuna mwenyewe, mezani, chini ya picha ya Mheshimiwa akiokota daraja.

"Baba, nimekuja kwa jambo dogo," alisema Bi Sihaba. "Pigeni lipu yenu. Naomba tofali moja tu lisipigwe."

"Tofali moja." Kalumuna akaandika. "La nani?"

"La marehemu mume wangu."

"Ana stakabadhi?"

"Ana jina. Alilichora mwenyewe."

"Mama, jina mtu yeyote anaweza kulichora. Inabidi marehemu afike mwenyewe, na kitambulisho, alithibitishe."

"Marehemu, baba."

"Nimekuelewa. Basi afike katika siku za kazi."

Machozi yakamtoka Bi Sihaba, bila sauti, na Kalumuna akayaandika hayo pia. Kisha akageuza faili kutafuta fomu nyingine, na kwa muda ule faili la uwanja wetu likawa wazi mbele ya mjane aliyesoma mpaka darasa la saba na mwenye macho mazima. Aliinama. Akasoma.

Siku tatu baadaye alipokea karipio la maandishi kwa kosa la kujaribu kujimilikisha sehemu ya ukuta wa Serikali kwa njia ya machozi. Siku ya nne mafundi walianza lipu upande wa magharibi. Walipofika kwa Hamduni, mimi na Bi Sihaba tulikuwa tumesimama chini. Mwiko ukapita mara moja, ukarudi, ukapita tena. Hakulia. Alisimama pale mpaka mafundi wakaosha ndoo zao wakaondoka.

"Shemeji," akasema.

"Naam, shemeji."

"Siku ile ulikuwa umelala?"

Nikasema ndiyo.

"Kwenye faili wameandika, 'Kilisikika kikohozi. Hakikuwa jibu.'" Akanigeukia. "Kikohozi chako nakijua. Nimekisikia langoni miaka kumi na tisa."

Nilitamani ardhi inifunike. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga wenye saruji. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Inuka," alisema. "Safari ijayo hutakohoa. Nenda ukaniitie Kamati za Ufundi, zote mbili. Mimi nakwenda kuloweka mahindi."

*

Mheshimiwa alikuwa ametangaza Sherehe za Mwaka Mmoja wa Kuokotwa, Jumamosi, saa tisa alasiri. Mawaziri wangekuja. Mabalozi wangekuja. Mji mzima uliamriwa ufike, na Nyuki na Tingatinga waliamriwa wacheze.

Jumatatu asubuhi Bi Sihaba akatandika mkeka kando ya lango kuu, nje kidogo. Mbele yake akaweka chungu kikubwa cheusi, amekifunika khanga nyekundu na kukifunga kamba ya katani mafundo saba. Akakaa. Hakunuiza neno wala hakuchoma ubani.

Polisi wakaja. "Mama, kuna nini humo?"

"Makande."

Wakatazamana wakarudi nyuma. Akaja mkuu wao. "Mama, sema ukweli. Humo mna nini?"

"Makande, mwanangu. Mahindi na maharage."

Kufika Alhamisi alikuwa ameulizwa mara kumi na moja, na mara kumi na moja alisema makande. Kikosi cha mabomu kilikuja na mbwa. Mbwa alinusa akatingisha mkia akakaa. Taarifa ya kikosi ilisema kwamba chungu kinanuka makande, na kwamba jambo hilo linatia shaka sana.

Mheshimiwa Lwendo hakuamini mambo ya kishirikina. Alilisema hilo redioni mara kwa mara. Ila Wizara ilikuwa na Mshauri wa Nyasi, Mzee Sefukwa, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi ya Nyuki kabla hajaokotwa. Mzee Sefukwa alikuja Alhamisi jioni. Alikitazama chungu kwa mbali. Alihesabu mafundo. Alimwangalia Bi Sihaba usoni, na Bi Sihaba akamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee. Karibu makande."

Mzee Sefukwa akageuza gari. Ijumaa likatoka tangazo kwamba kwa sababu za kiufundi Mheshimiwa Waziri hatatumia lango kuu.

*

Ijumaa hiyohiyo kamati zetu zilikutana kwenye darasa la shule ya msingi, Nyuki upande wa dirishani, Tingatinga upande wa ubao. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukaa chumba kimoja. Bi Sihaba akasimama katikati.

"Kesho mtaingia langoni," alisema. "Timu zote mbili. Mtapita mbele ya chungu changu na kila mchezaji atakula kijiko."

Kukawa na mnong'ono. Mzee Likwata wa Tingatinga akasafisha koo. "Mama, tunakuheshimu. Lakini pale chini ya lango, hawa wenzetu..."

"Sisi?" mwenyekiti wa Nyuki akaruka. "Nyie ndio mliofukia!"

"Pale chini ya lango kuna mawe na saruji," alisema Bi Sihaba. "Mume wangu ndiye aliyechimba na ndiye aliyefukia. Alipita hapo kila siku kwa miaka tisa, hakuumwa hata jino. Alikufa ukutani, akiwajengea nyie. Sasa ukuta wake umepakwa rangi, na nyie mnaogopa mlango. Mimi sina mwana wa kumtuma. Nina nyie tu."

Wazee wale waliangalia viatu vyao. Halafu mwenyekiti wa Nyuki akauliza kwa sauti ya chini, "Tingatinga nao watakula kwa kijiko hichohicho?"

"Nimenunua viwili," alisema Bi Sihaba.

*

Jumamosi saa nane na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Bwana Kalumuna alikuwa ndani tayari, amekaa kwenye kiti chake katikati ya kiwanja na mkoba mapajani. Yeye alipita langoni, kwa sababu palikuwa na kibao kilichoandikwa INGIENI HAPA. Magari ya bendera yalikuwa yamepangwa nje, yakimsubiri Waziri aingie kwanza, kama itifaki inavyotaka.

Timu zikaja. Wanaume ishirini na wawili, jezi za njano na jezi za bluu, wameshikana mikono wawili wawili. Beki wa Nyuki, jitu la futi sita, alikuwa analia waziwazi. Bi Sihaba akafungua mafundo saba, moja baada ya moja, akainua khanga.

Yalikuwa makande. Yameiva vizuri, yana nazi.

Kila mmoja akala kijiko, akafumba macho, akavuka. Hakuanguka mtu. Yule beki alirudi kuomba kijiko cha pili, akaambiwa mpaka mpira uishe. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, na mimi nilikuwa kibandani kwangu, nimejirudishia kazi kwa siku moja.

Mheshimiwa Lwendo alichagua ukuta wa magharibi. Mzee Sefukwa ndiye aliyemshauri, afuate njia za wenyeji. Kikosi cha zimamoto kilileta ngazi. Juu ya vipande vya chupa wakatandika godoro, na Mheshimiwa, na suti yake na skafu yake ya taifa, akapanda mpaka juu, akakaa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba ngazi ni moja. Ili ashuke ndani, ilibidi ivushwe. Dereva wa zimamoto akasema ngazi ni mali ya Manispaa na haiwezi kuingia kwenye mali ya Wizara bila barua. Barua husainiwa na Waziri. Kalamu ya Waziri ilikuwa garini, na gari lilikuwa nje, na ngazi ilishaondolewa ili isiharibike.

Godoro lilikuwa la bei nafuu. Chupa zilianza kulipita taratibu. Tulimwona anavyobadilisha mkao.

Bi Sihaba akatembea mpaka katikati ya kiwanja, akachukua kipaza sauti cha mtangazaji, akamsabahi Bwana Kalumuna, akauliza, "Uwanja huu ni wa nani?"

"Wangu!" Mheshimiwa akapiga ukelele kule juu. "Ni wangu, mwanamke wewe! Kalumuna, andika!"

Kalumuna akafungua Sheria ya Kuokota. Akapitisha kidole. Sauti yake ilisikika kwenye kipaza. "'Wala si juu ya ukuta wake.'" Akachukua kalamu, akaandika huku akisoma: "Zilisikika kelele. Hazikuwa jibu."

"Uwanja huu ni wa nani?"

Nikasimama mlangoni mwa kibanda. Niliyaona magari ya bendera, na kile kikohozi nikakihisi kinapanda. Bi Sihaba aliangalia upande wangu. Hakuangalia kwa huruma.

"Uwanja huu ni wa nani?"

"Wetu!" nikasema.

Nilidhani nimenong'ona. Waliokaa karibu wananiambia nilibweka. Na kabla sijavuta pumzi, Nyuki wote na Tingatinga wote, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa ya kula, wakanguruma kwa pamoja, "WETU!" mpaka rangi ya krimu ikabanduka mahali fulani. Niliona vipande vinadondoka.

"Jibu limesikika," akasema Kalumuna. "Kutoka ndani." Akagonga mhuri.

Mgeni angefikiri mambo yaliishia hapo. Mimi, ambaye sina kinyongo, ningeridhika. Lakini Bi Sihaba hakurudisha kipaza sauti. Akageuka, akanyoosha kidole juu ya ukuta.

"Na huyu," akauliza, "ni wa nani?"

Kalumuna akapekua kurasa. Sheria inasema "kitu", na haikufafanua kitu ni nini, kwa kuwa aliyeiandika, Mheshimiwa Lwendo mwenyewe, hakutaka kujifunga. Akaitikia kwa kichwa. Swali ni halali.

Lango lilikuwa wazi. Tuliyaona magari ya bendera yote pale nje, na Naibu Waziri ameshusha kioo nusu. Watu elfu kumi na mbili walimgeukia. Angevuka lango tu, hatua kumi, asimame ndani, aseme huyu ni wetu sisi Serikali.

"Huyu ni wa nani?"

"Naibu!" alilia Mheshimiwa. "Sema! Wewe si ndugu yangu?"

Nilimtazama Naibu Waziri usoni. Kila nilichokiona nilikijua. Niliona mtu aliyekaa kwenye kibanda cha tiketi.

"Huyu ni wa nani?"

Naibu Waziri akakohoa. Kioo kikapanda. Gari lake likawaka, likageuka, na mengine yakafuata kwa kufuata vyeo, mabalozi mwisho.

"Kilisikika kikohozi," Kalumuna akaandika.

*

Kwa hiyo tulimwokota. Mhuri upo, fomu ipo, mtu yeyote anaweza kuja kuangalia. Naibu Waziri aliapishwa Jumatatu, akasema kwenye hotuba yake kwamba Wizara haijawahi kuwa na waziri kabla yake.

Mpira ulichezwa, sare ya bao moja kwa moja. Mfuko wa Shukrani tuliufuta. Nyuki na Tingatinga wamerudi kuchukiana vizuri tu, ila wanaingia langoni, na beki yule anapita na bakuli.

Mheshimiwa Lwendo tulimshusha siku ileile, tukampaka dawa palipochomwa, tukampa tindo na nyundo. Kazi yake ni kutoa lipu, tofali kwa tofali, asilivunje hata moja. Akifunua jina analisoma kwa sauti na kusema asante. Wenye majina huja kusikiliza, huleta na viti. Jukwaa analosimamia ni la miti kama la Hamduni, na tumelifunga vizuri kuliko lile, maana sisi si watu wabaya.

Bi Sihaba alimpa ahadi mbele ya Kalumuna kwamba siku atakayolifikia tofali la Hamduni, yuko huru, aende zake. Kisha akamwelekeza aanzie mashariki. Mheshimiwa ameshapungua mwili, sauti ya mikutano imekauka, na anajua kwamba sisi wawili tunajua. Kila alasiri, jua likimpiga mgongoni, huacha nyundo na kuuliza kwa sauti, "Tofali la Hamduni liko wapi?"

Bi Sihaba anachambua maharage, hainui kichwa.

"Liko wapi?"

Watu wanapita na shughuli zao.

"Jamani, liko wapi?"

Mimi namsikia vizuri sana. Niko kwenye kibanda changu cha tiketi, hatua ishirini kutoka anaposimama. Wala sikohoi.